Anbiki na Vitabu Vyake: Khabari za Elimu ya Kutonesha

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwajaalia waja wake elimu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika miji ya nchi hizi za maziwa, tangu Kasongo mpaka Bujumbura, na tangu Kigali mpaka Kampala, pasomwapo maulidi au pafungwapo ndoa mara nyingi hupitishwa mrashi. Kijana huushika kwa mkono wa kulia akawanyunyizia wageni safu kwa safu, nao hujipaka usoni, wakamsalia Mtume (s.a.w.), na shughuli ikaendelea. Ni wachache wanaojiuliza maji yale mazuri yametoka wapi, na ni nani aliyemfunza binadamu kuitoa harufu ndani ya ua akaitia ndani ya chupa.

Nyuma ya nyumba nyingine za mtaa huo huo huenda pana pipa juu ya moto, na bomba lipitalo katika maji, na chupa inayokinga matone. Hapo hutengenezwa kile ambacho Uganda huitwa waragi, Rwanda na Burundi kanyanga, Kongo lutuku, na Tanzania gongo. Kazi ya pipa hilo na kazi iliyotoa marashi ni moja: kuchemsha, kuupoza mvuke, na kuyakinga matone. Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba chombo hiki asili yake ni laana. Na wako wengine wanaowakejeli Waislamu wakisema kwamba Waarabu ndio waliowafundisha walimwengu pombe kali, kwani hata neno alkoholi limetoka katika Kiarabu. Kauli zote mbili zataka jawabu, na jawabu lake limo katika vitabu.

MAANA YA KUTONESHA

Waarabu waliiita kazi hii taqtir, kutokana na neno qatra, yaani tone. Maana yake ni nyepesi kufahamika. Mtu akifunika chungu cha maji yanayochemka, kisha akafunua, huona matone chini ya kifuniko. Maji yale yamepanda yakiwa mvuke, yakakutana na ubaridi, yakarudi kuwa maji. Lakini chumvi iliyokuwamo haikupanda, wala takataka hazikupanda. Basi ikiwa ndani ya chungu mna maua, mvuke hupanda pamoja na harufu yake, na matone yakikingwa huwa ni maji yenye roho ya ua lile.

Siri yote ya ufundi huu imo katika mambo matatu: moto usiozidi, kifuniko kisichovujisha mvuke, na ubaridi wa kuugeuza mvuke kuwa matone. Kila kitabu kilichoandikwa juu ya elimu hii, tangu cha kwanza hata cha mwisho, kinazunguka katika mambo hayo matatu.

WALIOTANGULIA

Insafu ni sehemu ya dini, wala haimpasi Mwislamu kudai sifa isiyokuwa yake. Elimu hii haikuanza kwa Waislamu. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), aliandika kwamba maji ya bahari yakigeuka mvuke, kisha mvuke ule ukapoa, huwa maji matamu. Mganga Dioscorides, katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, alieleza jinsi zebaki inavyopatikana kwa kuchoma jiwe lake chini ya kifuniko, na kukwangua kilichoganda juu. Kifuniko hicho Wayunani walikiita ambix.

Vyombo vilivyokamilika zaidi vilitokea Misri, katika mji wa Iskandaria na miji ya jirani. Zosimos, mtu wa Panopolis, mji ambao leo huitwa Akhmim, aliandika karibu na mwaka 300 juu ya vyombo vya mwanamke mmoja wa Kiyahudi aitwaye Maria, aliyemtangulia. Miongoni mwake ni kifuniko chenye mikono mitatu ya shaba, kila mkono ukitonesha katika chupa yake. Mwanamke huyo ndiye anayenasibishiwa pia desturi ya kuweka chombo ndani ya maji ya moto badala ya kukiweka juu ya moto wenyewe, ili joto lisizidi; na mpaka leo Wafaransa huita njia hiyo kwa jina lake. Picha za vyombo hivyo zimo katika hati ya Kiyunani iliyonakiliwa yapata miaka 1000 iliyopita, nayo imehifadhiwa Venice.

VITABU VYA BAGHDAD

Katika karne ya tatu ya Hijra, Baghdad ilikuwa mji ambao vitabu vya Wayunani, Washami, Waajemi na Wahindi vilifasiriwa kwa Kiarabu. Kitabu cha Dioscorides kilifasiriwa na Istifan bin Basil, na Hunain bin Is'haq akakisahihisha. Neno ambix likaingia katika Kiarabu, likavaa alifu na lamu, likawa al-anbiq. Ndilo hili anbiki.

Wengi humtaja Jabir bin Hayyan wa Kufa kuwa ndiye baba wa elimu hii. Vitabu vinavyonasibishwa kwake ni vingi mno, hata Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake ya vitabu mwaka 377 wa Hijra, yaani 987, alitaja kwamba wako watu waliotia shaka juu yake. Wataalamu wa zama za karibuni wengi wao huona kwamba vitabu hivyo ni kazi ya watu kadhaa. Lililo yakini ni kwamba vimeandikwa kwa Kiarabu, na kwamba ndani yake kutonesha ni nguzo ya kazi.

Yakini zaidi ni khabari za Abu Yusuf Yaaqub bin Is'haq al-Kindi, aliyeitwa mwanafalsafa wa Waarabu, naye alifariki karibu na mwaka 873. Kinanasibishwa kwake kitabu kiitwacho Kitab Kimiya al-Itr wat-Tas'idat, yaani kitabu cha ufundi wa manukato na kutonesha. Ndani yake mna njia 107 za kutengeneza mafuta mazuri, marhamu, maji ya manukato, na vitu vya kushika mahali pa miski, ambari, kafuri na zaafarani kwa wasioweza kuvinunua. Watu wengi hukariri kwamba Ibn Sina ndiye mvumbuzi wa marashi mawaridi. Ibn Sina alizaliwa mwaka 980, zaidi ya miaka 100 baada ya al-Kindi kufariki. Na sifa zake katika utabibu ni nyingi kiasi cha kutohitaji kuongezewa hii.

Kisha akaja Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, mzaliwa wa Rayy karibu na Tehran ya leo, aliyesimamia hospitali za Rayy na Baghdad, akafariki mwaka 925. Kitabu chake, Kitab al-Asrar, yaani kitabu cha siri, hakina siri yoyote katika mpango wake. Amekigawa sehemu tatu: kwanza vitu, pili vyombo, tatu kazi. Waliomtangulia walisema kwa mafumbo ili asifahamu ila mwenzao. Al-Razi alivitaja vyombo kimoja kimoja kama fundi anayempa mwanafunzi wake orodha ya kwenda nayo sokoni. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo.

VYOMBO NA MAJINA YAKE

Al-Razi ametenga vyombo vya kuyeyushia madini, kama vile tanuri, mivukuto, koleo na vyungu vya kuyeyushia, na vyombo vya kushughulikia vitu vingine. Katika hivi vya pili, kwanza ni qar'a. Neno hili kwa Kiarabu ni boga au mung'unye, kwani chombo chenyewe kina tumbo la mviringo na shingo kama kibuyu. Humo hutiwa kile kinachotoneshwa.

Juu ya qar'a hukaa anbiki, ambayo ni kofia yenye ukingo kwa ndani na mdomo mrefu unaoelekea chini. Mvuke hupanda ndani ya kofia, hugeuka matone, matone huteremkia ukingoni, kisha hutoka kwa mdomo. Iko pia anbiki isiyo na mdomo, nayo huitwa anbiki kipofu. Hutumika pale ambapo fundi ataka kitu kipande na kushuka mahali pale pale bila ya kutoka.

Chini ya mdomo huwekwa chombo cha kupokea, nacho huitwa qabila. Kwa Kiarabu neno hilo hilo ndilo jina la mkunga. Mafundi wale waliona kwamba chupa ile humpokea mtoto mpya kama mkunga anavyompokea.

Viungo vya vyombo hivi vilizibwa kwa udongo maalumu ulioitwa udongo wa hekima, uliochanganywa na nywele, samadi na chumvi ili usipasuke kwa moto. Kuhusu moto wenyewe, al-Razi ametaja majiko mbali mbali, miongoni mwao jiko liitwalo linalojipuliza lenyewe, lenye matundu ya kuvuta upepo bila ya mtu kuvukuta. Na neno al-tannur, ambalo Waswahili wanalo kwa jina la tanuri, lilikwenda Ulaya likawa athanor, jiko la wanakemia.

Vyombo hivi vilikuwa vya udongo, vya shaba na vya kioo. Ustadi wa kioo katika Sham, Iraq na Misri ulisaidia mno, kwani kioo hakibadilishi ladha wala harufu, na fundi huona kinachotendeka ndani. Anbiki za kioo za karne hizo zimechimbuliwa ardhini, na zaonekana katika majumba ya makumbusho. Kwa vyombo hivyo al-Razi hakutonesha maua tu. Ameeleza namna ya kutonesha nafti nyeusi itokayo ardhini hata ikawa nyeupe na nyepesi, yenye kuwaka. Mwenye taa ya mafuta nyumbani mwake ana jamaa ya elimu hiyo.

MARASHI YA FARSI NA YA DAMASKASI

Vitabu peke yake havilishi watu. Elimu hii ilipotoka kwa wanavyuoni ikawafikia wakulima na wafanya biashara, ikawa neema ya nchi. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, ametaja orodha ya kodi iliyoletwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 mpaka 833. Katika kodi ya jimbo la Farsi zimo chupa 30,000 za maji ya waridi. Mji wa Jur katika jimbo hilo ulisifika kwa waridi wake, na maji yake yalipelekwa nchi za mbali kwa nchi kavu na kwa bahari.

Huko Andalusia, tabibu Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alieleza kutonesha maji ya waridi katika sehemu ya 28 ya kitabu chake kikubwa al-Tasrif, sehemu inayohusu kutayarisha dawa. Huko Sham, Shamsuddin al-Dimashqi, aliyefariki mwaka 1327, alieleza kazi ya marashi katika kijiji cha Mizza karibu na Damaskasi. Huko palijengwa majiko yenye vyombo vingi, safu juu ya safu, vyote vikipata joto la moto mmoja, na midomo yake ikitoka nje kwenye chupa za kukinga. Marashi hayo yalipelekwa Hijazi na nchi zilizo mbele yake.

Heshima ya maji haya haikuwa ya dunia peke yake. Salahuddin al-Ayyubi alipoirudisha Baitul-Maqdis mwaka 583 wa Hijra, yaani 1187, mahali patakatifu palioshewa kwa maji ya waridi. Na Al-Kaaba tukufu hata leo huoshwa kwa maji ya Zamzam yaliyotiwa maji ya waridi.

Wazee wa nchi hizi wenye asili ya Oman wanajua kwamba kazi hiyo haikufa. Katika Jabal Akhdar, waridi huchumwa alfajiri khasa katika mwezi wa Aprili. Hutiwa katika chungu kilicho ndani ya jiko la mawe na udongo, na ndani ya chungu huwekwa bakuli. Juu yake hukaa chombo cha shaba chenye maji baridi. Mvuke hugonga chini ya shaba, hudondoka matone, na bakuli huyapokea. Chombo ni tofauti na kile cha al-Razi, lakini moto, kifuniko na ubaridi ni vile vile. Marashi kama hayo ndiyo yaliyovuka bahari kwa majahazi pamoja na tende, yakafika pwani, na kutoka pwani yakaingia bara pamoja na wafanya biashara na walimu wa kwanza.

VITABU VILIPOHAMIA ULAYA

Mwaka ule ule wa 1187, Salahuddin alipoingia Baitul-Maqdis, alifariki katika mji wa Toledo mtu aitwaye Gerard wa Cremona. Toledo ilitoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1085, lakini vitabu vyake vilibaki. Gerard alijifunza Kiarabu huko, akafasiri kwa Kilatini vitabu vingi mno, miongoni mwao kitabu cha shabu na chumvi kilichonasibishwa kwa al-Razi. Pamoja na vitabu yalihama majina: al-anbiq ikawa alembic, na qar'a wakaiita cucurbita, yaani boga kwa Kilatini.

Wazungu nao walizidisha ubaridi. Taddeo Alderotti, tabibu wa Bologna aliyefariki mwaka 1295, alieleza bomba lililopindwa kama nyoka, lipitalo ndani ya maji baridi. Bomba hilo ndilo lililowawezesha kupata kwa wingi maji makali ya mvinyo, ambayo waliyasifu kuwa ni dawa na kuyaita maji ya uhai.

Ulipokuja uchapaji, kitabu cha dawa cha al-Zahrawi kilipigwa chapa Venice mwaka 1471 kwa jina la Liber servitoris. Basi maelezo ya Mwislamu wa Andalusia juu ya kutonesha waridi yalikwisha kuwa mikononi mwa wasomaji wa Ulaya kabla ya Hieronymus Brunschwig, mpasuaji wa Strasbourg, kutoa mwaka 1500 kitabu chake mashuhuri cha ufundi wa kutonesha, kilichojaa picha za majiko, anbiki na mimea ya dawa. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1527.

NENO ALKOHOLI

Sasa lirudiwe neno linalokejeliwa. Asili yake ni al-kuhl, yaani wanja. Wanja ni jiwe lililosagwa mpaka likawa unga laini kabisa, na kuutumia ni desturi njema tangu zama za Mtume (s.a.w.). Wazungu walilichukua neno wakaliita kila unga laini, kisha kila kiini cha kitu. Katika karne ya 16 Paracelsus alilitumia kwa kiini cha mvinyo, na baadaye neno mvinyo likaachwa, likabaki alkoholi peke yake. Waarabu hawakulitumia neno hilo kwa pombe. Neno la jicho la bibi arusi liligeuzwa huko mbali likawa jina la kilevi.

Lakini haifai kuficha. Katika maandiko yanayonasibishwa kwa Jabir umetajwa moto unaowaka katika mdomo wa chupa yenye mvinyo uliochemshwa na chumvi. Wanavyuoni hao waliujua mvuke huo wakaueleza kama walivyoeleza mambo mengine ya maumbile. Kujua si kunywa. Hukumu ya kilevi ni ile iliyomo katika Surat al-Maida, aya ya 90, wala haibadiliki kwa kutoneshwa au kutotoneshwa.

Wazee wa zamani walikuwa na hadhari hata katika kuandika. Al-Shaizari, aliyeandika katika karne ya 12 kitabu cha kuwaongoza wasimamizi wa masoko, alizitaja hila za wauza dawa na manukato, lakini nyingine alizinyamazia kwa kuchelea wasio na dini wasije wakajifunza kwake.

MAFUNZO

Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale nchini Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyotiwa sumu ya methanoli. Wengine duniani wamepofuka kwa sumu hiyo hiyo. Anbiki haikuwaua. Waliouawa wameuliwa na tamaa ya muuzaji na kiu ya mnunuzi, na chombo kilitumwa kama kisu kinavyotumwa: chinjioni hulisha watu, na mkononi mwa mwovu humwaga damu. Anayelaani chombo hupoteza marashi, dawa na taa, na mlevi humwacha vile vile alivyo.

Funzo la pili ni zito zaidi kwa jumuiya yenye madrasa. Kitabu cha al-Kindi kilikaa katika hazina ya Aya Sofya, Istanbul, karne kwa karne. Aliyekitoa na kukifasiri ni Karl Garbers, Mjerumani, huko Leipzig mwaka 1948. Kitabu cha siri za al-Razi kilifasiriwa na Julius Ruska, naye Mjerumani, mwaka 1937. Wanastahili shukrani, kwani waliitunza amana isiyokuwa yao. Lakini wenye amana walikuwa wapi? Kabla ya hapo Gerard alisafiri kwenda Toledo kujifunza lugha ngeni ili avisome vitabu hivyo. Na leo mtoto wa Kiislamu anayekisoma Kiarabu tangu utotoni hufika ukubwani akidhani kwamba kemia ni elimu ya watu wengine.

Basi mwalimu wa madrasa akipata nafasi na awaeleze watoto kwamba tanuri, wanja na marashi ni maneno yaliyokwenda mpaka katika vitabu vya kemia au yaliyotoka humo. Mzazi mwenye mtoto wa kike au wa kiume anayependa elimu ya sayansi asimzuie kwa kudhani kwamba anamlinda na dini. Na mwenye kitabu cha mkono alichoachiwa na babu yake, asikiache kikaliwa na mchwa; akitie mahali pakavu, na akionyeshe kwa wajuao kabla hakijawa vumbi.

Na siku nyingine mrashi utakapopita katika safu za maulidi, wapokeao matone yale na wawaombee rehema wote waliotunza elimu hii kwa ajili ya kheri, tangu aliyejenga jiko la kwanza mpaka mkulima wa Jabal Akhdar anayechuma waridi kabla ya jua. Mwenyezi Mungu aizidishie jumuiya hii elimu yenye manufaa, ailinde na kila kilevi, na awasamehe waliotangulia. Amin.